Kuoa Mtanzania si kupewa uraia

Kwenye vikao vya harusi hapa Dodoma utasikia: "Bwana harusi ni Mkenya, lakini akishamaliza mahari ni mwenzetu." Kiukoo sawa, ng'ombe wakishatoka, Wagogo hawana neno. Kisheria, hapana.

Sheria ya Uraia ya 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai. Kuomba, yaani cheti cha ndoa peke yake hakimfanyi raia. Mwanaume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana hata mlango huo. Anaomba tajnisi, yaani mgeni kupewa uraia kwa maombi, kama mgeni mwingine yeyote: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla isiyopungua miaka 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema. Ubaguzi wa wazi, kwa maoni yangu, ila ndivyo ilivyoandikwa.

Atakayekubaliwa, mke au mume, anaukana uraia wa kwao. Kabla ya hapo anaishi kwa kibali cha Uhamiaji. Kikiisha muda bila kuongezwa, Uhamiaji wanamhesabu mhamiaji haramu hata kama watoto wake wanasoma Chamwino.