Nyumba haianzi na mchoro wa mbele

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wengi huamini kwamba mwanafunzi wa usanifu majengo akipata mteja, anachora sura ya mbele ya nyumba, basi kazi imeisha. Si kweli.

Chukua kiwanja cha mteremko kule Kadutu. Kwanza anakipima: anavuta kamba iliyolala sawa, isiyoinama, kati ya vigingi viwili, ajue ardhi inashuka kiasi gani. Anauliza majirani maji hupita wapi, maana mvua hapa huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, na udongo uliokatwa vibaya huporomoka pamoja na nyumba. Ndipo anaamua akate ardhi iwe ngazi ngazi na kujenga ukuta wa mawe wenye matundu ya kutolea maji, au aiinue nyumba juu ya nguzo.

Mteja naye haulizwi idadi ya vyumba tu. Mama anapikia wapi? Mgeni analala wapi? Jiko la makaa likifungiwa ndani, hewa yake huua, kwa hiyo swali hilo halingoji.

Michoro mingi ya mwanzo itatupwa. Anayelipa asione kwamba anacheleweshwa: kubadilisha ukuta karatasini ni kazi ya kifutio, kuubomoa ni saruji yake inayopotea.