Kompyuta Inayochemka: Jua Joto Limekwama Wapi Kabla ya Kununua Feni

Kuanzia Desemba hadi Machi, meza yetu ya matengenezo hapa Dar es Salaam hujaa kompyuta za mezani zenye lalamiko lilelile: inavuma kama mashine ya kusaga, inakuwa nzito, halafu inajizima. Mwenyewe huwa ameshaamua kwamba ni virusi, au anataka tumfungie feni kubwa zaidi. Mara nyingi si hili wala lile. Joto limekosa pa kutokea.

Tuelewane kwanza. Kwetu kasha zima la chini ya meza tumezoea kuliita sipiyu. Sipiyu yenyewe, yaani prosesa, ni kipande kidogo kilichokaa kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa saketi ndani ya kasha, chini ya hitisinki, lile bonge la alumini lenye mapezi membamba na feni juu yake. Prosesa nyingi za ofisini zimekadiriwa wati 65. Aliyewahi kugusa balbu ya zamani ya wati 60 ikiwa inawaka anajua hilo ni joto la namna gani. Linatoka kwenye prosesa, linapita kwenye pesti, ile krimu nzito inayopakwa kati ya prosesa na hitisinki, hadi kwenye hitisinki, linabebwa na upepo wa feni, linatoka kashani na kuishia chumbani. Popote njia hiyo ikiziba, prosesa inachemka.

Pima kabla ya kugusa bisibisi. Programu za bure kama HWiNFO na Core Temp huonyesha nyuzijoto za prosesa papo hapo. Kumbuka tu kwamba feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba. Ukisoma namba za mtu aliyepimia kwenye chumba cha nyuzi 20 huko Ulaya, nawe chumba chako kina nyuzi 32, ziongezee kama 12 ndipo ulinganishe. Kompyuta iliyotulia kwenye nyuzi 45 au 50 hapa Pwani ni nzima kabisa. Prosesa nyingi za Core za Intel za miaka ya karibuni zina kikomo cha nyuzi 100, na Ryzen 7000 nyingi za AMD nyuzi 95. Ikifika hapo inajipunguzia kasi isiungue, na ndio huo uzito unaoulalamikia. Joto likizidi kupanda, inazima.

Sasa fungua ubavu wa kasha, uache kompyuta ifanye kazi ileile kwa dakika kumi. Namba zikishuka sana, kasha halipumui. Zisiposhuka, tatizo liko kwenye hitisinki au pesti. Hapo zima mashine, chomoa waya, halafu gusa hitisinki kwa ncha ya kidole. Kama programu ilikuwa inasoma nyuzi 95 na chuma kina uvuguvugu tu, joto halikifikii: pesti imekauka, au hitisinki haikukaa sawasawa. Zile za Intel zenye pini nne za plastiki ni sumbufu sana. Pini moja ikilegea, upande mmoja unainuka na huoni kitu kwa macho.

Chuma kikiwa cha moto sana, shuku vumbi. Februari iliyopita tuliletewa kompyuta ya ofisi ya uhasibu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la sebuleni. Mwenyewe aliapa kwamba anaisafisha kila Ijumaa, na kweli feni ilikuwa inang'aa. Tukafungua skrubu nne za feni. Chini yake vumbi lilikuwa limeshikamana juu ya mapezi, likanyanyuka zima kama kipande cha blanketi. Prosesa ilishuka kutoka nyuzi 93 hadi 68, na hatukununua chochote. Tumia brashi laini ya rangi na blowa, na zuia feni kwa kidole unapopuliza, maana ikizungushwa kwa nguvu beringi zake huumia. Mashine ya kunyonya vumbi ya nyumbani iache. Pua yake huweza kuzalisha umeme tuli unaoua vifaa.

Pesti ya zamani ifute kwa alkoholi ya isopropili, uweke mpya kiasi cha punje ndogo ya njegere. Ukijaza haipoi zaidi. Na dawa ya meno, ambayo bado tunaikuta, hukauka upesi ikawa kama chokaa. Kwa Ryzen za AM4, aina mojawapo ya soketi (kikalio cha prosesa kwenye madabodi), washa kompyuta dakika chache pesti ilainike, kisha zima, chomoa, na zungusha hitisinki taratibu kabla ya kuinyanyua. Mimi niliwahi kuivuta ikiwa baridi, prosesa ikang'oka nayo, na jioni nzima nikanyoosha pini kwa sindano.

Kasha lisilopumua mara nyingi lina feni iliyogeuzwa. Upepo hutokea upande wenye vile vijiti vinavyoshikilia mota. Ukiwa na shaka, sogeza kipande cha tishu uone kinavutwa au kinasukumwa. Ya mbele iingize hewa, ya nyuma iitoe. Kompyuta ndogo za ofisi zinazouzwa mtumba huwa pia na kifuniko cha plastiki kinachoelekeza upepo juu ya hitisinki. Mafundi wengi hukitoa wanapoongeza ramu, wakakisahau mezani. Kirudishwe.

Kuacha ubavu wazi moja kwa moja sikushauri: vumbi na mijusi wataingia, na upepo utapita njia ya mkato bila kugusa vifaa vingine. Bora ondoa kitambaa, vuta kasha sentimita 10 kutoka ukutani, na kama liko ndani ya kabati la meza, ng'oa ule ubao wa nyuma. Seremala aliuweka kwa ajili ya mafaili.