Umbo la fuwele la protini ni nini? Mfano wa PsaA ya bakteria wa nimonia

Ukisikia watu wa maabara wanasema wamepata "umbo la fuwele" la protini fulani, wanamaanisha wameisafisha hiyo protini mpaka imebaki peke yake, wakaiacha taratibu kwenye maji yenye chumvi na kemikali zingine mpaka molekuli zikajipanga safu kwa safu zikawa fuwele, alafu wakaipiga eksirei. Mionzi ikitawanyika inaacha madoa madoa, na kutokana na ukali wa kila doa na mahali lilipo kompyuta inapiga hesabu hadi unajua atomu ipi imekaa wapi.

Sasa chukua PsaA. Hii ni protini ya Streptococcus pneumoniae, bakteria anayesababisha sana nimonia kwa watoto, na kazi yake ni kudaka madini ya manganizi nje ya seli ili yapelekwe ndani. Bila manganizi huyu bakteria hana ujanja, kinga ya mwili ikimmwagia zile kemikali kali za oksijeni anakufa.

Umbo lake lilitoka 1998 na linaonyesha vipande viwili vikubwa vimeunganishwa na mhimili mmoja, katikati kuna upenyo, na humo ndani asidi amino (matofali yanayojenga protini) nne tu ndo zinashika madini: histidini mbili, glutamati moja na aspatati moja. Madini yakiingia vile vipande vinajifunga kama kiganja kilichofumbata sarafu.

Utamu wenyewe uko kwenye zinki. Zinki nayo inaingia palepale, ila yenyewe inapenda kushikwa na mikono minne hivi (yaani atomu nne za kuishikilia) kwahiyo inatulia kabisa na protini inajifunga moja kwa moja, haifunguki tena. Manganizi inapenda kushikwa na mikono kama sita, pale haipati inavyotaka, inakaa kwa kulegea na ndo maana inaachiliwa kirahisi ikapite kwenda ndani ya seli. Yaani ule mshiko mbovu ndo unaofanya protini ifanye kazi!

Hapa ndo naona watu wengi wanakosea, wanaangalia picha moja wanadhani wameelewa. PsaA yenye manganizi na yenye zinki kwenye fuwele zinafanana karibu kila kitu. Watafiti wa Australia mwaka 2014 ilibidi wawe na umbo la protini tupu pia, lile lililo wazi, wakaunganisha na vipimo vya jinsi madini yanavyoachiliwa, ndipo ikaeleweka kwanini zinki ikizidi bakteria anakosa manganizi wakati ipo imemzunguka.