Trela halisemi: sensa za upepo na kengele inayochelewa

Mteja aliniletea trela lake la kulala likiwa limepandishwa juu ya lori. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa rimu tupu na pete ya waya iliyojikunja pembeni. Tairi lenyewe liliishia njiani. Kabla halijaisha, vipande vyake vilichapa sakafu ya trela kutoka chini kama mjeledi, vikatoboa ubao, vikang'oa bomba la maji na kukata nyaya za taa za nyuma.

Hayo nimeyaona mara nyingi. Kilichonishangaza kilikuwa kwenye dashibodi ya gari lake: skrini ndogo ya kuonyesha upepo wa matairi, mpya, inawaka vizuri, imeunganishwa na magurudumu yote manne ya trela.

"Ilipiga kelele, fundi," aliniambia. "Lakini moshi nilikuwa nimeshauona kwenye kioo."

Nikafungua mipangilio. Kengele ya upepo mdogo ilikuwa 26 (namba zote za upepo hapa ni PSI, pauni kwa inchi ya mraba). Matairi yake yanatakiwa 80.

Namba 26 haikuwa imekosewa, ilitoka hivyo kiwandani. Kwa gari dogo linalotembea na upepo wa 33 au 35, ni namba ya maana kabisa. Kwa trela lake ilimaanisha kwamba kifaa kingekaa kimya mpaka tairi lipoteze theluthi mbili za upepo wake. Alinunua mlinzi, hakumwambia aamke saa ngapi. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza ni sensa gani bora, namuuliza kwanza kengele yake ya sasa iko kwenye ngapi. Wengi hawajui.

Madukani vifaa hivi vimeandikwa TPMS; sisi karakana tunasema sensa za upepo. Watu wengi wanaamini kwamba gari likiwa na ile taa ya tairi kwenye dashibodi, basi na trela limo. Halimo. Marekani ilitunga sheria mwaka 2000, baada ya ajali za matairi ya Firestone yaliyokuwa yakiachia ngozi, yaani mpira wa juu unabanduka, kwenye magari ya Ford Explorer, na kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya lililouzwa huko lilitakiwa kuwa na mfumo wa kuonya. Umoja wa Ulaya ukakamilisha kwa magari madogo yote mapya Novemba 2014. Lakini taa hiyo inaangalia magurudumu ya gari lenyewe tu. Baadhi ya pikapu mpya zina nafasi ya kuunganisha sensa za trela, nazo pia hazijui kitu mpaka sensa zifungwe na kusajiliwa. Isitoshe, kanuni ya Marekani inadai taa iwake upepo ukishashuka asilimia 25 chini ya kiwango, na inaupa mfumo hadi dakika 20 kuona hivyo. Kwa trela lililojaa vitanda, jiko, tangi la maji na mizigo ya familia, asilimia 25 ni mbali mno.

Ni mbali kwa sababu tairi la trela hufanya kazi karibu na ukomo wake muda wote. Ubavuni pameandikwa uzito linaoweza kubeba, na pembeni ya uzito huo pameandikwa upepo. Namba hizo mbili ni pacha: uzito ule unabebeka kwa upepo ule tu, tairi likiwa baridi. Tairi la trela la daraja E la kubeba mzigo huandikwa 80, la daraja D 65, la daraja C 50. Ukipunguza upepo umepunguza uwezo wa kubeba, ila mzigo haujapungua. Ubavu unaanza kukunjika na kunyooka kila mzunguko, mkunjo unazaa joto, joto linalegeza gundi kati ya mpira na waya. Tairi halipasuki kwa sababu limepungua upepo leo. Linapasuka kwa sababu limepikwa kwa saa mbili.

Na dereva hajui. Tairi la mbele la gari likipungua, usukani unavuta. La nyuma likipungua, utasikia mkia unayumba. Trela lenye ekseli mbili linaficha kila kitu: tairi moja likilala, jirani yake wa upande huohuo anabeba mzigo wa wawili, trela linabaki limenyooka, nawe unaendelea na safari ukisikiliza redio. Jirani huyo mkumbuke, nitarudi kwake.

Sasa namba. Kila kitu kinaanzia kwenye upepo wa baridi, yaani trela likiwa limesimama angalau saa tatu, kivulini, kabla ya kuondoka. Jua la asubuhi likipiga upande mmoja, matairi ya upande huo yatasoma juu kuliko ya upande wa pili, na mtu asiyejua ataanza kuyapunguza. Usipunguze. Joto la hewa likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, tairi la gari lenye 35 linapanda chini kidogo ya 2. Tairi la trela lenye 80 linapanda zaidi ya 3. Hewa ndiyo ileile, ila imebanwa zaidi. Ndiyo maana mtu aliyejaza mchana wa joto anaamka kwenye baridi ya mlimani na kukuta matairi yote manne yameshuka kwa pamoja, akadhani sensa zimeharibika.

Kengele ya chini mimi naiweka asilimia 10 chini ya upepo wa baridi. Kwa 80 ni 72. Ya juu naiweka asilimia 20 hadi 25 juu, yaani kati ya 96 na 100, maana tairi zima likishatembea hupanda lenyewe hadi 88 au 92 bila ubaya wowote. Kengele ya joto naiacha kwenye 70 za Selsiasi. Kengele ya chini ikilia asubuhi kabla hujaondoka, jaza upepo. Kuna watu huishusha kengele hadi inyamaze. Hao tunaonana tena.

Hata ukipanga hivyo, kuna tundu moja ambalo vitabu vya maelekezo nilivyovisoma havilisemi. Tairi lililoanza na 80 limepata moto, limefika 91. Linaokota msumari, linaanza kuvuja polepole. Linashuka hadi 85, hadi 80, hadi 76. Kengele kimya, kwa sababu 76 iko juu ya 72. Ukweli ni kwamba limeshapoteza 15, sawa na kulitoa asubuhi likiwa na 65 hivi. Joto la safari limefunika uvujaji. Kengele peke yake haiwezi kuliona hilo. Macho yako yanaweza.

Kwa hiyo mimi sisomi namba, nasoma ndugu. Matairi manne ya trela yalijazwa sawa, yanabeba karibu sawa, yanakimbia barabara moja. Yanapaswa kupanda pamoja na kushuka pamoja. Matatu yakiwa 90 na moja 84, hilo moja lina habari, hata kama 84 ni namba nzuri. Jua linaweza kutofautisha upande na upande kwa namba mbili tatu, lakini haliwezi kuchagua tairi moja katikati ya ndugu zake. Nasimama mahali salama, nalimulika, na mara nyingi kichwa cha msumari kinaniangalia.

Joto nalisoma hivyohivyo. Sensa ya kufunga juu ya valvu iko nje, inapigwa na upepo wa barabarani, kwa hiyo haisomi joto halisi la ndani ya tairi, husoma chini. Usiitegemee kukwambia tairi lina nyuzi ngapi. Lakini gurudumu moja likiwa limewazidi wenzake kwa nyuzi 15, na upepo wake nao uko juu, mara nyingi kosa si la tairi. Ni breki inayokwaruza au beringi iliyokauka grisi. Sensa za upepo zimewahi kunionyesha beringi mbovu kabla haijaanza hata kulia. Ukisimama, sogeza kiganja karibu na kitovu cha gurudumu bila kukigusa, utalijua mwenyewe. Na usishtuke joto likipanda dakika chache baada ya kusimama: hakuna upepo wa kupoza tena.

Kuhusu aina za sensa sina maneno mengi. Za kufunga ndani ya rimu ni imara na haziibiwi, lakini betri ikiisha lazima tairi livuliwe. Za kufunga juu ya valvu unaziweka mwenyewe kwa dakika kumi, betri unabadili kwa mkono, na kwa trela ndizo ninazofunga zaidi. Zina sharti moja ambalo watu hulipuuza: sensa ikishafungwa, inasukuma kisindano cha valvu na kukifungua muda wote, ili isome upepo. Maana yake kinachozuia upepo usitoke sasa si valvu, ni kipete cha mpira ndani ya sensa. Kipete kikipasuka, mlinzi ndiye mwizi. Ndiyo maana kila nikifunga sensa napaka maji ya sabuni na kusubiri dakika nzima nikiangalia kama kuna povu.

Tena, usiifunge juu ya valvu ya mpira kwenye trela zito. Valvu nyingi za kawaida za mpira zimetengenezwa kwa upepo usiozidi 65, na zikiongezewa uzito kichwani zinapepesuka kila gurudumu linapozunguka mpaka zinachanika shinani. Weka valvu za chuma. Hapo napo paka kidogo dawa ya kuzuia kutu kwenye nyuzi za valvu zinapofungwa sensa, maana shaba na aluminiamu zikikaa pamoja kwenye unyevu huganda, na nimeshakata valvu nzima kwa sababu sensa iligoma kutoka.

Trela likiwa refu, nunua na kiongeza mawimbi. Mwili wa aluminiamu na umbali hadi ekseli ya mwisho vinameza ishara. Gurudumu linaonekana, linapotea, dereva anazoea, na siku tatizo linapokuja anadhani ni ile kawaida yake. Kifunge mbele ya trela, kwenye umeme unaotoka garini, kisha kijaribu gari likiwa linatembea.

Majaribio mengine ni rahisi. Fungua sensa moja ukiwa umesimama, skrini ikiwa imewashwa. Baada ya muda mfupi inatakiwa ilie na kukutajia gurudumu hilohilo. Ikitaja jingine, mtu alibadilisha matairi nafasi na hakusajili upya. Nimewahi kumkuta mtu anajaza upepo gurudumu la kulia kwa siku mbili huku la kushoto likizidi kulala. Kwenye miinuko, usigombane na kifaa kikitofautiana kidogo na geji ya mkononi: baadhi ya sensa hupima kwa kulinganisha na hewa ya usawa wa bahari, na kwenye mita 2,000 tofauti hufika karibu 3.

Kengele ikilia uko kasi, usikanyage breki kwa hasira. Shika usukani, achia mafuta taratibu, tafuta pembeni. Na ukikuta tairi limetembea likiwa limepungua asilimia 20 au zaidi, usilijaze na kuendelea. Livuliwe, litazamwe ndani. Nje linaweza kung'aa.

Umri pia sensa haiuoni. Tairi la trela hukaa juani miezi mingi bila kutembea, kwa hiyo huzeeka kabla halijawa kipara. Nimeona tairi lenye kashata (meno ya tairi) za kutosha likiachia ngozi upepo wake ukiwa sawasawa hadi dakika ya mwisho. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likishavuka miaka sita mimi silipeleki safari ndefu.

Yule mteja tulimwekea valvu za chuma, tukaweka kengele kwenye 72, nikafungua sensa moja ili aisikie inavyolia akiwa amesimama. Akauliza kama anunue tairi moja tu, yale matatu bado mapya. Nikavua lile lililokuwa mbele ya lililopasuka, upande uleule. Kwa nje halikuwa na mkwaruzo. Nilipoliinamisha, ndani ukamwagika unga mweusi wa mpira uliosagika, ukajaa kiganja changu.