Windows mpya haihitaji antivirusi mbili

Ukimpelekea fundi wa Kariakoo kompyuta aipige Windows 11, huenda ukarudi nayo pamoja na ushauri: nunua antivirusi, na ukiweza weka mbili, kirusi kikiiponyoka hii kinaswe na ile. Sivyo. Windows 10 na 11 zote huja na Microsoft Defender, antivirusi ya Microsoft wenyewe, bure, tena inalinda tangu siku ya kwanza. Ukisakinisha antivirusi nyingine, kwa kawaida Defender hujiweka kando kuipisha. Ukilazimisha mbili zichunguze mafaili kwa pamoja, zinagombania faili lilelile, kompyuta inakuwa nzito, pengine inaganda kabisa. Ni walinzi wawili wa geti moja wanaokamatana wao kwa wao.

Antivirusi ya zamani iondoe kabla ya kupandisha toleo la Windows. Isiyoendana na mfumo mpya inaweza kukwamisha zoezi zima.

Cha kuogopa ni kingine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10, na antivirusi, hata iwe ghali vipi, haizibi tundu la mfumo wenyewe. Halafu kuna antivirusi ya kraki, yaani ya kulipia iliyovunjwa leseni itumike bure, ile ya kwenye flashi ya rafiki. Maelekezo yake mara nyingi huanza kwa kukuambia uzime ulinzi! Hapo kirusi hakihitaji hata kubisha hodi.

Kulipia si kosa, kama unataka vya ziada, mfano udhibiti wa watoto. Ila kwanza fungua Windows Security, programu ya usalama iliyomo ndani ya Windows, uone kama alama zote ni za kijani.