“Vimebaki Vidogo Vidogo Tu”: Wanachokosea Wanaopokea Nyumba Yenye Viporo

“Injinia, vimebaki vidogo vidogo tu. Nimeshammalizia hela yake, atakuja kumalizia.” (Mimi ni mkadiriaji majenzi, lakini kwa Watanzania kila mwenye kofia ngumu ni injinia, nimeacha kubishana.) Safari hii ni mama mmoja wa Goba. Stoo haina kitasa, vyumba viwili havina skatingi (vigae vya chini ya ukuta), gata ya nyuma inaishia hewani. Hivyo ndivyo viporo: kazi zilizoachwa bila kumaliziwa. Mkandarasi hapokei simu tangu Jumatatu.

Hiyo “atakuja” ndiyo inayonichosha kuliko zote. Watu wanaamini kwamba kazi ikiwa ndogo itaisha haraka. Ni kinyume chake. Orodha ya mama inataka seremala nusu siku, fundi vigae siku nzima, fundi bati saa mbili. Mafundi watatu, nauli tatu, na mkandarasi haongezi hata senti mfukoni, kwa sababu alishalipwa yote. Wakati huohuo vijana wake wako Kigamboni wanamwaga zege la mtu ambaye bado anadaiwa. Ungekuwa wewe ungeenda wapi? Simtetei. Hata mkandarasi mwaminifu hupanga ratiba yake kwa kufuata fedha ilipo.

Basi fedha ibaki kwako. Mikataba rasmi huzuia sehemu ya kila malipo, mara nyingi asilimia 5 hadi 10. Nusu hutolewa siku ya makabidhiano, nusu baada ya kipindi cha matazamio, yaani miezi, tuseme sita, ya kusubiri kasoro zijitokeze. Wanaojenga kwa fundi wa mtaani hudhani hayo ni mambo ya serikali na maghorofa. Si kweli. Karatasi ya daftari yenye sahihi mbili na mashahidi ni bora mara mia kuliko “tumeelewana”.

Na hata wanaozuia fedha huzuia kidogo mno, kwa bei ya mkandarasi. Pigia hesabu fundi mgeni atakayeitwa kwa hicho kiporo peke yake: nauli yake, boksi zima la vigae kwa ajili ya vipande sita, na siku ya kuzunguka Kariakoo ukitafuta rangi inayofanana. Mimi huzidisha mara mbili. Kisha kila kiporo kiandikwe mahali pake na tarehe yake: “skatingi, chumba cha pili, ukuta wa dirishani, mita 3”. Ukiandika “kumalizia vigae” umeandika hewa. Na kabla hajaondoa vifaa, mwambie akuachie boksi moja la vigae vilevile. Utanikumbuka.

Kuna ujanja mwingine hapo: “Hayo tutayafanya kwenye matazamio.” Usikubali. Kiporo ni kazi ambayo siku ya makabidhiano wote mnajua haijafanyika. Kasoro ni kile kinachojitokeza baadaye, na matazamio ni ya kasoro. Ukivichanganya, kiporo kinalala miezi sita na kuchacha. Hiyo miezi sita nayo itazame kwenye kalenda: nyumba ikikabidhiwa Juni, matazamio yanaisha Desemba, paa limeonja vuli tu. Kwa Dar mimi hudai muda uvuke masika, yaani hadi mwisho wa Mei. Paa la kiangazi halivuji kamwe.

Wengine wameshika upande wa pili: usiguse funguo mpaka msumari wa mwisho. Nao wanakosea. Kama maji yanatoka, choo kinavuta, milango ya nje inafungwa na umeme ni salama, pokea kwa orodha iliyosainiwa, uache kulipa kodi ya watu. Ila piga picha kila chumba kabla kabati halijaingia, la sivyo kila mkwaruzo kwenye kioo utaambiwa kaufanya mpagazi wako.

“Taa zinawaka, kwa hiyo wayaringi iko sawa.” Taa huwaka hata bila eathi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini. Dai vipimo.

“Usipoziba ufa utajenga ukuta.” Methali nzuri, lakini si ya plasta mpya. Nyufa nyembamba kama unywele hutokana na plasta kukauka. Ziache hadi karibu na mwisho wa matazamio ndipo zizibwe na kupakwa rangi mara moja. Ufa unaokata mshazari kutoka kona ya dirisha na unaopokea ukingo wa sarafu, huo mwite mhandisi leo.

Halafu, tafadhali, makabidhiano yasifanyike jioni huku pilau inapakuliwa na mchungaji anasubiri kubariki. Njoo saa nne asubuhi, ndoo mkononi na gololi mfukoni. Iweke gololi kwenye sakafu ya bafu. Ikikimbilia mlangoni badala ya tundu la maji, hicho si kidogo kidogo: ni kubomoa vigae vyote na kupanga upya, na kinaandikwa namba moja kwenye orodha.