Silinda haichanwi na mwendo kasi peke yake

Subaru ya turbo ikianza kula oili hapa Mbeya, wa kwanza kulaumiwa ni dereva: "Umelikimbiza sana hilo gari." Neno hilo niliishi nalo miaka mpaka injini yangu ilipofunguliwa gereji ya Mwanjelwa. Niliingiza kidole kwenye silinda, tundu ambamo pistoni huenda na kurudi. Karibu kote palikuwa laini kama kioo, ila upande mmoja ukucha ulikwama kwenye mikwaruzo iliyoshuka wima toka juu hadi chini. Na gari lenyewe lilikuwa la Uyole–mjini asubuhi, mjini–Uyole jioni. Mbio gani hizo?

Kati ya pistoni na ukuta wa silinda kuna utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Utando huo ukikatika, chuma hukutana na chuma. Injini iliyokwisha kupata moto, yenye oili safi, huvumilia mwendo vizuri. Kwetu huku kinachokata utando mara nyingi ni petroli, baridi na vumbi.

"Mbeya baridi, themostati ya nini?" Hii ndiyo dhana inayoniuma zaidi, maana fundi alinitolea themostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, nami nikamshukuru. Bila themostati, maji huzunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na injini haifiki joto lake upesi. Kompyuta ya gari ikiona injini bado ya baridi huongeza petroli. Ile isiyoungua huosha oili ukutani, kisha huteremka kuichanganya oili ya chini na kuifanya nyepesi. Chomoa kijiti cha oili unuse. Ikinuka petroli, au kimo kimepanda bila wewe kuongeza, usingoje moshi. Mwezi wa saba, pale Uyole, hilo linakupata hata safari ya kilomita tano.

Wengine husema gari liachwe lingurume dakika 15 ndipo liondoke. Injini isiyo na mzigo hupata moto polepole, na muda wote huo inapewa petroli ya ziada. Dakika moja inatosha. Ondoka taratibu, usikanyage mafuta hadi kuiamsha turbo, na mshale wa maji ukishapanda bado jipe dakika kadhaa, kwa sababu oili huchelewa kupata moto kuliko maji.

Oili nzito nayo husifiwa kuwa ndiyo ngao. Asubuhi ya baridi inachelewa kufika juu, na silinda inasubiri. Kwenye oili iliyoandikwa 5W-40, namba ya kwanza inaeleza tabia ya oili ikiwa baridi. Fuata kitabu cha gari lako. Kama safari zako ni fupifupi, badilisha oili mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Eya klina (chujio la hewa) ya wazi, ile ya kuleta mlio, iache kwa wanaokaa kwenye lami. Vumbi la njia za Usangu lina chembe za mchanga ngumu kuliko chuma cha slivu, yaani bomba linalounda ukuta wa silinda.

Na maji matupu kwenye rejeta? Kimo cha Mbeya ni takriban mita 1,700, na sufuria ya maji huchemka karibu nyuzi 94 tu. Mfuniko wa rejeta ukiwa mzima hubana mgandamizo na kupandisha kiwango hicho. Mfuniko ukilegea, maji yatachemka mapema, na mlima wa Kitonga kule Iringa utakuonyesha.

"Ikichanika tunarebo," yaani tunaipanua silinda kwa mashine na kuweka pistoni kubwa zaidi. Kwa Subaru yenye injini ya EJ20 sawa, bloku ni ya alumini yenye slivu za chuma, na pistoni kubwa zaidi zinapatikana. Lakini Porsche 911 za kawaida za 996 na 997 za mwanzo, zinazojulikana kwa ugonjwa huuhuu, kuta zake ni alumini yenye chembe za silikoni. Fundi aliyezoea chuma akizipitisha mashine kwa mtindo uleule, ameziua. Hizo hutaka utaalamu wake au slivu mpya.

Mwisho ni hili la komplesheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda: ikipimwa ikawa nzuri, watu hupumua. Mikwaruzo hujificha, maana oili huziba nafasi na kipimo hutoka kizuri. Toa plagi, shusha pistoni mpaka chini, ingiza kamera ndogo ya waya inayounganishwa na simu, uzungushe polepole ukuta wote. Unatafuta mistari ya wima. Kama unanunua gari lililotumika, fanya hivyo kwa kila silinda kabla hujamlipa mwenye gari.